Pangaboi na Shati la Vitenzi

Mama yangu mdogo hajui kukaa. Kiti kwake ni mahali pa kuwekea vitambaa. Chai huinywa amesimama mlangoni, chakula hukila akizunguka na sahani mkononi kama mtu anayekagua mipaka ya shamba lake, na akija mgeni humvutia kiti kwa heshima zote, kisha yeye huendelea kutembea huku akimuuliza habari za nyumbani. Mgeni asiyemzoea hugeuza shingo huku na huku mpaka imuume, mwisho akaaga mapema.

Mumewe, yaani baba yangu mdogo, ni fundi wa redio na majokofu, na yeye Mungu alimuumba kwa udongo mwingine. Akishakalia kigoda chake asubuhi, ukitaka kumhamisha labda nyumba ishike moto, na hata hapo atauliza kwanza moto wenyewe umefika chumba gani. Ndiye aliyempa mkewe jina la Pangaboi, ile feni ya darini. Husema alimwoa ili nyumba isiwe na joto. Jina hilo lilivuka barabara likafika mpaka kwenye chuo cha ufundi anakofundisha ushonaji. Wanafunzi wake wanadhani hajui kwamba wanamwita hivyo, naye huwaacha wadhani.

Mahali pamoja tu ndipo anapotulia, napo ni kwenye cherehani. Hata pale ni kiwiliwili kinachotulia. Miguu huendelea na safari yake juu ya pedali.

Chuoni hakuingia kama mwalimu. Aliitwa kushona sare za wanafunzi. Mwalimu wa ushonaji alipohama, mkuu wa chuo akamwomba alishike darasa kwa muda tu, mpaka apatikane mtu. Muda huo ulirefuka kama uzi ulioachiwa kutoka kwenye kigurudumu. Wanafunzi waliingia hawajui kushika sindano, wakatoka wanakata suruali bila kupoteza kitambaa, na wengine leo wana maduka yao. Hakuna aliyekumbuka tena kwamba alikuwa wa muda, mpaka siku lilipokuja agizo kwamba kila anayesimama mbele ya darasa lazima awe amefaulu Kiingereza katika mtihani wa sekondari.

Mama mdogo alikuwa na cheti. Masomo mengine yote alipita. Kiingereza alianguka, tena alianguka chali.

Mkuu wa chuo hakumficha kitu. Alimwambia kwamba akirudia mtihani wa somo hilo na kufaulu kabla ya muhula mpya, darasa ni lake. Asipofaulu atapelekwa stoo, awe anagawa nyuzi na sindano, na darasa atapewa kijana mwenye diploma. Kijana mwenyewe alikwisha kuletwa kuonyeshwa chumba. Alikuwa na adabu zake, alimwamkia mama mdogo vizuri, lakini alipita akizipapasa zile cherehani mgongoni, moja baada ya nyingine, kama mtu anayechagua ng'ombe mnadani. Mama mdogo alinisimulia jambo hilo akikata vitunguu, na vitunguu vile vilikatwa vidogo kuliko ilivyohitajika.

“Stoo,” aliniambia. “Mimi nikae stoo. Unaijua ile stoo? Ukisimama unagonga kichwa, ukinyoosha mkono unagusa ukuta. Mwanangu, mle ndani nitakufa kwa kukaa.”

Wakati huo nilikuwa nimemaliza chuo kikuu, naishi kwao nikingoja kazi ambayo haikuwa na haraka ya kunipata. Nilikuwa nimesoma lugha. Ikaonekana wazi, bila mtu kuniuliza, kwamba sasa nina kazi.

Mambo mengi ya Kiingereza aliyaweza kuliko mwenyewe alivyodhani. Habari alisoma akaelewa. Barua aliandika, fupifupi, lakini zikasomeka. Palipomshinda ni pale pale palipomwangusha zamani: vitenzi vinavyobadilika umbo vikienda wakati uliopita. Kila karatasi ya zamani tuliyoipata ilikuwa na sehemu nzima ya hivyo. Unapewa habari yenye mapengo, pembeni kitenzi kiko katika umbo lake la kwanza, na wewe ukitie umbo linalotakiwa. Vitenzi vitiifu, vile vinavyoongezewa mkia tu mwishoni, havikumsumbua. Hivi vingine vilimkosesha raha.

“Kwani hawa Waingereza hawakukaa kikao?” aliniuliza. “Sisi jana yetu ni moja. Nilikula, nilishona, nililala, nilikufa. Unamvika kila mtu ‘li’ yake, biashara imekwisha. Hawa kila kitenzi na jana yake, halafu na juzi yake.”

Nilimwambia ni kweli, havina kanuni, ni vya kukariri. Nikamchorea jedwali la safu tatu na kumwomba akae nalo.

Neno lenyewe, akae, ndilo lililoharibu. Alikaa na jedwali kama mtoto anayenyolewa. Goti lilicheza, kidole kilipiga meza, mara akasikia maji yanachemka ambayo hakuna aliyeyabandika. Nikalitundika jedwali ukutani ili asome akitembea. Akawa anasoma sebuleni, anarudia kwenye ujia, anafika jikoni na maneno mawili kati ya matatu. Akigeuka kurudi hana hata moja. Baba mdogo, aliyekuwa akilehemu waya wa redio ya mtu, alitoa maoni yake bila kuinua uso. Alisema tatizo ni kona ya ujia. Pangaboi anaikata kwa kasi mno, mzigo unamwagika.

Mama mdogo hakucheka. Siku zile alikuwa hacheki ovyo. Asubuhi alikwenda kufundisha, na kule chuoni wakati mwingine alimkuta yule kijana wa diploma amesimama dirishani akipima chumba kwa macho. Alirudi akiwa na miguu ya moto zaidi. Alihamisha kabati. Alilirudisha. Nyumba nzima ilishikwa na wasiwasi wake, hata mimi niliyezoea kujificha nyuma ya kitabu nikajikuta nasoma ukurasa mmoja mara nyingi bila kujua unasema nini.

Mambo yalibadilika alasiri moja ambayo hatukuwa tumepanga kusoma. Alikuwa na shati la mteja lililochelewa, akaniambia nimsomee tu, yeye anashona, litakaloingia liingie. Nikasoma kundi lililokuwa mbele yangu: speak, spoke, spoken, break, broke, broken, choose, chose, chosen. Yeye alikuwa anapachika kola. Aliyafuata maneno kwa pedali, kanyago moja neno moja, tatu tatu, kisha sindano ikafika mwisho wa kola naye akakata uzi.

Jioni nilipomuuliza yale maneno alikodoa macho. Kisha akalichukua lile shati, akashika kola, na kidole kikaanza kupita juu ya mshono. Yalimtoka yote, kwa mpangilio ule ule.

Tulitazamana. Yeye ndiye aliyeelewa kwanza.

“Basi,” alisema, “tulishone.”

Tangu siku hiyo tulishona vitenzi vya Kiingereza. Kola tuliiachia hao wa speak na break, na alipenda kwamba kusema kuko karibu na mdomo. Mabega yakabeba wear, wore, worn na tear, tore, torn, maana shati likikubana huanza kuchanika begani. Mikono ikapata take, took, taken na shake, shook, shaken. Kwapani, kwa sababu za jasho ambazo sitazieleza, wakaingia drink, drank, drunk na swim, swam, swum na ndugu zao wote. Pindo la chini, linalopeperuka upepo ukivuma, likapewa blow, blew, blown na fly, flew, flown. Mfuko wa kifuani ukawa wa buy na bring na think, ambavyo jana yao inatoka na mkia mrefu ule ule, bought, brought, thought. Aliuliza kwa nini kufikiri kuwe mfukoni, halafu akajijibu mwenyewe kwamba mtu asiye na kitu mfukoni hana kingine anachofanya ila kufikiri.

Vifungo ndivyo alivyovipenda kuliko vyote. Cut ni cut ni cut. Put ni put. Shut ni shut. Alisema ni haki kabisa kitenzi cha kukata kiwe na msimamo, maana ukishakata umekata, huwezi kurudi ukakata vingine.

Palibaki kitenzi kimoja kisicho na ndugu: go, went, gone. Alikigeuzageuza kama kipande cha kitambaa kilichookotwa sakafuni. Akasema huyu went amekatwa kitambaa kingine kabisa, hafanani na mama wala baba, na akamweka ndani ya shingo, mahali pa lebo.

Alishona mashati mengi kipindi hicho. Wateja walishangaa kazi zao kuwa tayari kabla ya wakati. Baba mdogo alipata mashati ambayo hakuyaomba, na alipoleta suruali yake iliyochanika akaambiwa asubiri, suruali haina vitenzi. Alirudi kwenye kigoda chake akilalamika kwamba ameishi na mwanamke huyu miaka yote na leo anashindwa na Waingereza.

Na mambo yakaingia. Ningeweza kumkamata popote, akimwaga maji, akifunga mlango, nikamtupia kitenzi kimoja katikati ya kundi. Mkono wake ungepanda kwenye shati alilovaa, ungegusa bega au pindo, ungepita hatua mbili tatu juu ya mshono, na neno lingetoka. Hakuwa mwepesi. Kitenzi cha mwisho wa mkono kilimlazimu aanzie begani ateremke nacho, kwa sababu mshono hauanzii katikati. Lakini kilifika.

Siku ya mtihani nilimsindikiza. Ulifanyika kwenye ukumbi wa shule ya sekondari, na watahiniwa wengi walikuwa vijana wanaorudia, wengine wangeweza kuwa watoto wake. Alikuwa amevaa gauni, na juu ya gauni shati jeupe la mikono mirefu alilolishona mwenyewe, vifungo wazi kama koti. Nilimwambia jua litamuumiza. Alinijibu kwamba fundi haendi kazini bila vifaa.

Mimi nilibaki kibarazani pamoja na wasindikizaji wengine. Madirisha ya ukumbi yalikuwa wazi kwa ajili ya joto, kwa hiyo mengine niliyaona, na mengine alinisimulia baadaye zaidi ya mara moja.

Msimamizi alikuwa mwanamume mwembamba mwenye uso wa mtu anayetarajia kudanganywa. Aliwaamuru watoe kila kitu mifukoni, akakagua viganja, akakagua mpaka nyayo. Kisha karatasi zikagawiwa. Mama mdogo aliandika sehemu ya kwanza akapumua. Aliandika barua. Akafungua ukurasa wa vitenzi, na mkono wake wa kushoto ukapanda kwenye kola.

Nilimwona msimamizi akisimama. Hakwenda mara moja. Alitazama. Mkono ulitoka kwenye kola, ukaenda begani, ukashuka hadi kwenye kiganja, mama akaandika. Ukaenda kwenye pindo, akalipapasa kati ya vidole viwili, akaandika. Kisha, kwa utulivu wa mtu aliye nyumbani kwake, aliingiza vidole kwapani, akatikisa mguu chini ya dawati, na akaandika.

“Mama,” msimamizi alimwambia, “hebu simama.”

Alisimama.

“Kwapani kuna nini?”

Nadhani mtu mwingine yeyote angejibu kwamba hakuna kitu. Lakini mama mdogo alikuwa katikati ya mshono, na akili yake haikuwa na nafasi ya kutunga jibu. Alisema kweli.

“Drink, drank, drunk,” alijibu. “Na swim iko pale pale.”

Ukumbi mzima uliangua kicheko. Msimamizi hakucheka. Alinyoosha kidole kwenye mlango.

Alimtoa nje, akapita naye mbele yangu kuelekea ofisini. Mama mdogo hakunitazama. Alikuwa anatembea mbele ya msimamizi aliyemkamata, na yule bwana alilazimika kukimbia kidogo ili aonekane kwamba ndiye anayempeleka. Akaitwa mwalimu wa kike amkague. Mwalimu huyo alimvua shati, akaligeuza ndani nje, akapita mshono hadi mshono, akafumua kidogo ncha ya kola kuangalia kama kuna karatasi. Hakukuwa na herufi hata moja. Mama mdogo anasema kilichomuuma si kukaguliwa, ni kuona kola inafumuliwa kwa kalamu wakati mkasi ulikuwa mezani. Mwalimu yule naye, akiwa bado ameshika shati, alimuuliza mama mdogo kwa sauti ya chini iwapo huwa anashonea watu.

Msimamizi alisema hajaona kitu lakini amesikia kwa masikio yake. Ataandika ripoti, na wakubwa wataamua. Kwa sasa mama arudi akamalize, shati libaki ofisini.

Hapo ndipo nilipoogopa kweli. Ripoti ya namna hiyo ingeweza kufuta mtihani wote, barua na kila kitu. Na hata ikiwa haitaufuta, alikuwa anarudi ndani bila shati.

Nilisogea dirishani kadiri nilivyoruhusiwa. Alikuwa amekaa na gauni lake lisilo na kola, lisilo na mikono, lisilo na vifungo. Mkono ulipanda shingoni ukakuta ngozi. Ukashuka. Akajaribu kufumba macho na kulishona kichwani, nikaona midomo inacheza, lakini goti lilikuwa linapiga dawati na kijana wa mbele akageuka kumkodolea. Alisimamisha goti kwa mkono. Goti liliposimama, kila kitu kilisimama. Saa ya ukutani ndiyo pekee iliyoendelea.

Kisha msimamizi akapita mbele yake.

Alikuwa amevaa shati la mikono mifupi, la kola, la vifungo. Shati la kawaida kabisa. Aliposimama karibu, kichwa cha mama mdogo kiliinuka polepole na macho yake yakatua kwenye kola ya yule bwana. Yakapita juu ya mshono kutoka kushoto kwenda kulia. Akainama, akaandika. Akainua tena kichwa.

Msimamizi aliona anatazamwa. Akasogea hatua kadhaa; macho yakamfuata yakiwa begani. Akajikung'uta bega, labda akidhani ana vumbi. Macho yakahamia kwenye mikono. Akaikunja mikono kifuani. Mama mdogo akangoja. Akaishusha, mama akaandika. Yakaja kwenye vifungo, na bwana yule akavikagua vyake kimoja kimoja, akaingiza tumbo ndani. Alipokwenda nyuma ya ukumbi mama mdogo aligeuka naye kama alizeti.

“Mama, tazama mbele.”

Alitazama mbele. Akangoja azunguke arudi, kama mtu anayengoja zamu yake kisimani. Bwana aliporudi alikuwa amekosa amani kabisa. Hakuweza kusimama mahali pamoja, alipita kwenye safu hii akatokea ile, akiliweka sawa shati lake, na kila alipopita mama mdogo alipata neno.

Kwapa halikumpa shida. Alimwona msimamizi akinyoosha mkono kusimamisha feni iliyokuwa inapeperusha karatasi, na akamaliza jamaa wote wa drink kabla mkono haujashuka. Go, went, gone hakikuhitaji shati la mtu, kwa kuwa kwenda anako mwilini. Lakini mfuko haukuwapo. Shati la yule bwana halikuwa na mfuko kifuani. Mama mdogo alikitazama kile kifua kitupu mpaka kengele ikakaribia, kisha akaandika alichoweza, akavivika mkia wa vitenzi vitiifu na kumwachia Mungu.

Alitoka nje akitembea upesi, jasho shingoni. Kabla sijamuuliza lolote msimamizi naye alitoka, ameshika shati jeupe limekunjwa vibaya. Alimkabidhi. Nilitegemea mama mdogo aombe, alie, aeleze. Alilipokea, akalikunjua, akalikunja upya inavyotakiwa.

“Kaka yangu,” alimwambia, “aliyekugeuzia hiyo kola alikuibia. Kaifunga bila kuipiga pasi.”

Msimamizi aligusa kola yake. Alionekana mtu mwenye maneno mengi ambayo hayakubaliani nani atangulie. Mwisho alisema ripoti ameshaanza kuiandika. Mama mdogo alimjibu aandike, ni kazi yake, ila aandike alichokiona na si alichokisikia tu. Halafu tukaondoka.

Kungoja matokeo kulikuwa kubaya kuliko mtihani. Muhula uliisha. Wanafunzi waliondoka, na chuoni akawa hana la kufanya ila kutia mafuta cherehani ambazo alikwisha kuzitia mafuta. Kijana wa diploma alikuja na futi yake akapima ukuta wa nyuma, akasema kwa adabu kwamba anafikiria meza ndefu. Mama mdogo alimshikia ncha ya futi. Nyumbani hakushona. Alisema akikanyaga pedali anasikia Kiingereza. Alitembea. Usiku nilimsikia ujiani, kandambili zake zikienda na kurudi, na asubuhi baba mdogo alitoka chumbani akiwa na macho mekundu, akasema safari hii feni imefungwa kwenye namba ya mwisho na kibonye kimevunjika.

Hiyo ndiyo siku pekee niliyomwona baba mdogo akiacha kigoda chake bila kuitwa. Alimfuata mkewe ujiani, akaanza kutembea naye. Waliendana hivyo mpaka jikoni, wakakata kona, wakarudi. Alichoka mapema sana, hajazoea, lakini alikwenda mara kadhaa.

Matokeo yalitoka mchana. Simu yangu ilikuwa ndogo na mtandao ulikuwa unasuasua, kwa hiyo ukurasa ulijichora mstari baada ya mstari. Niliambiwa na watu kwamba waliozuiliwa matokeo huwekewa nyota badala ya alama. Niliitafuta namba yake huku nikiogopa nyota. Mama mdogo alikuwa amesimama nyuma yangu, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue sikusikia nyayo zake.

Hapakuwa na nyota. Palikuwa na herufi D.

“Ndiyo nini?” aliuliza.

Nilimwambia ni alama ya chini kabisa ya kufaulu. Chini ya hapo ni kuanguka.

“Lakini ni kufaulu?”

“Ni kufaulu, mama.”

“Mfuko ule ule,” alisema. “Angekuwa na mfuko ningepata C.” Na akashika mkoba wake.

Alikwenda kwa mkuu wa chuo vile vile alivyokuwa, na uzi umemng'ang'ania begani. Mkuu aliitazama karatasi niliyomchapishia, akaitazama tena, akapiga simu mahali fulani kuthibitisha. Kisha akamwambia hana pingamizi. Darasa litabaki kwake. Kijana wa diploma watamtafutia pa kumweka, labda kwenye zamu ya jioni, maana chumba ni kimoja. Alipokuwa anamsindikiza mlangoni aliongeza, kwa namna ya mtu anayetaka kueleweka vizuri, kwamba hayo ni kwa sasa, mpaka litakapokuja agizo jingine.

Tulikuwa tumemchemshia chai. Aliingia, akatueleza yote akiwa kwenye mwendo, akanipita, akaipita meza, akaichukua chai njiani. Baba mdogo alimpongeza, akamwambia sasa angalau akae anywe. Hakukaa. Alifika mwisho wa ujia akasimama.

“Hilo agizo jingine,” aliniuliza, “unadhani litataka nini?”

Nilifikiri. Nikamwambia kwamba siku hizi kila mahali wanataka kompyuta.

“Ina kitu cha kushika?”

“Ina vitufe. Unavibonyeza kwa vidole vyote.”

Alivitazama vidole vyake, akavichezesha kidogo hewani. Kisha akauliza wanaofundisha wako wapi. Nilimwambia kuna mahali nyuma ya posta, nikamwahidi kesho asubuhi nitampeleka. Baba mdogo naye akasema kesho, jamani, mtu akipumua hata siku moja hafi.

Mama mdogo alisema sawa. Aliweka kikombe dirishani, chai ikiwa nusu, na tulipogeuka alikuwa mlangoni ameinama anavaa viatu.